Modeli ya Cox na ya Weibull: Ipi Inafaa Kukadiria Muda wa Kuishi?

Jaribio la dawa mpya ya saratani aghalabu humalizika wagonjwa wengi wakingali hai na wengine wakiwa wamejitoa, hivyo mtafiti hubaki na taarifa zilizokatika: anajua kwamba mgonjwa fulani aliishi angalau miezi 18 tangu aanze dawa, lakini hajui aliishi mingapi zaidi. Tawi la takwimu linaloshughulikia data za namna hiyo ni uchambuzi wa muda wa kuishi, na msingi wake ni kiwango cha hatari, yaani kasi ya vifo, wakati wowote ule, miongoni mwa wale ambao bado wako hai.

Mwaka 1972 mwanatakwimu Mwingereza David Cox alichapisha modeli isiyomlazimu mtafiti kueleza jinsi kiwango hicho kinavyopanda au kushuka kadiri siku zinavyopita. Humtaka tu akubali kwamba uwiano wa hatari kati ya makundi yanayolinganishwa haubadiliki muda wote wa ufuatiliaji. Kwa kuwa sehemu yake moja hufuata kanuni na nyingine imeachwa huru, huitwa modeli ya nusu-parameta. Modeli za parameta kamili, ikiwemo ile yenye jina la mhandisi wa Sweden Waloddi Weibull, aliyeitumia kueleza uimara wa malighafi, huchagua kwanza umbo la hatari, kisha hukadiria namba chache, ndizo parameta, zinazolikamilisha.

Anayetaka kujua tu kama dawa inapunguza vifo hana sababu kubwa ya kuiacha modeli ya Cox, mradi amekagua kwamba uwiano kweli haubadiliki. Sharti hilo huyumba hasa kwa dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo faida yake huweza kuchelewa kuonekana. Lakini taasisi ya NICE, inayotathmini iwapo thamani ya dawa inalingana na gharama yake kwa huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, mara nyingi huhitaji makadirio ya maisha yote yaliyobaki ya mgonjwa, na modeli ya Cox pekee haina la kusema baada ya siku ya mwisho ya ufuatiliaji.

Modeli za parameta husema, tena kwa ujasiri unaopaswa kutiliwa shaka. Ichukuliwe kwamba nusu ya wagonjwa 100 wako hai baada ya miaka 2. Hatari ikiwa haibadiliki, 71 watakuwa hai mwaka wa kwanza na 3 mwaka wa 10. Ikishuka taratibu kwa modeli ya Weibull yenye parameta ya umbo ya 0.8, watakuwa 67 na 8. Tofauti ya mwaka wa kwanza ni ndogo kiasi kwamba jaribio dogo huenda lisiitambue, ilhali ya mwaka wa 10 yaweza kubadili kabisa hesabu ya thamani ya dawa. Kigezo cha Akaike, kinachotumiwa sana kuchagua modeli, hupima ulinganifu na data zilizopo na hakijui lolote kuhusu miaka isiyofuatiliwa. Kwa hiyo tathmini ya dawa inayoonyesha modeli moja tu, ikazificha nyingine zilizolingana na data vivyo hivyo, haistahili kuaminiwa.