Tusafishe Laga Kabla ya Mvua

Ndugu zetu wa vikundi vya Masalani,

Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo mingi ikafa. Halafu mwishoni mwa 2023 maji yakaja kupita kiasi, Tana ikafurika. Sote tunaomba mvua. Basi tujiulize pia, ikija itapita wapi?

Maji ya mjini hufuata mitaro na laga mpaka mtoni. Njia ikijaa chupa, matambara na plastiki, maji hupanda majumbani, hufikia vyoo vya shimo na kuingia visimani. Hapo kipindupindu kimepata mlango. Kiangazi kikirudi, uchafu uleule unaliwa na mbuzi. Plastiki haisagiki tumboni, kwa hiyo mnyama anahisi ameshiba huku anakonda. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini sheria haizoi taka zilizokwisha kutupwa.

Siku moja ya kufagia, na kofia na picha, haitoshi. Tunashauri kila kikundi kichukue kipande chake cha laga na kukizoa kabla ya Gu, tena kabla ya Deyr. Shimo la taka lichimbwe mbali na njia ya maji. Plastiki isichomwe, moshi wake ni sumu. Choo kipya kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Halafu kuna mathenge. Uliletwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 kuwa kuni na kinga ya upepo. Kufikia 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu baya. Huziba laga na kingo za mto, na ukiukata juujuu tu unachipua mashina mengi zaidi. Chimbeni mpaka shina liishe chini ya udongo. Maganda yaokotwe kabla mafuriko hayajayabeba, yasagwe pamoja na mbegu, yawe chakula cha mifugo. Mbuzi akiyala mazima, mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai, na hapo mmepanda upya bila kujua!

Palipong'olewa pasiachwe wazi, udongo utaenda na maji. Pandeni mkuyu au mkindu, na yale matawi ya miiba yawe ua mpaka miche ipite kimo cha mbuzi.

Lakini kabla ya kuzungusha ua, kaeni na chifu, wazee na wafugaji mkubaliane malka zipite wapi. Ng'ombe mwenye kiu hasubiri mkutano, na ua uliozibia watu maji utavunjwa usiku uleule.