Nyama Tunayonunua Bwiza na Gesi ya Tumboni

Siku mshahara unapotoka si rahisi kupita Bwiza bila kusimamishwa na harufu ya mishikaki. Mbuzi, ng'ombe, kuku, mukeke wa ziwani, vyote viko juu ya makaa. Wengi hudhani kwamba kinachoharibu hewa hapo ni ule moshi unaotuchoma macho. Moshi una sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya madhara ilikwisha kutoka zamani, mnyama alipokuwa hai akicheua malishoni.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wa kucheua. Majani wanayokula huchachuka katika tumbo la kwanza, kama pombe ya mtama inavyochachuka mtungini, na humo huzaliwa gesi iitwayo methani. Mnyama huitoa kwa mdomo, kwa kupiga mbweu. Ikifika angani huzuia joto la dunia lisitoke, na kilo 1 yake ina nguvu ya kilo 28 hivi za hewa ya ukaa, ikihesabiwa kwa miaka 100. Nguruwe na kuku hawacheui. Tumbo la nguruwe hutoa methani kidogo, la kuku karibu hakuna.

Mtu atauliza: jambo hili lamhusu nini mfanyakazi wa Bujumbura? Lamhusu. Mwaka 2020 maji ya Rusizi yaliingia Gatumba na kuwatoa watu majumbani, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda likafunika nyumba za ufukweni. Mchuma chai wa Teza au Rwegura anayelipwa kwa kilo, mvua isipokuja kwa wakati wake ni mfuko wake unaopungua. Hatusemi kwamba mafuriko yale yaliletwa na mishikaki yetu, la hasha! Twasema tu kwamba hewa ikivurugika, wa kwanza kuumia ni sisi.

Sasa tufanye hesabu, kwa vipimo ambavyo wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa walivitoa mwaka 2006. Ng'ombe wa Afrika asiyekamuliwa hutoa tumboni kama kilo 31 za methani kwa mwaka, mbuzi kilo 5, nguruwe kilo 1. Tuseme ng'ombe amechinjwa akiwa na miaka 5, nyama yake kilo 130. Alikuwa amekwisha kutoa kilo 155 za methani. Zidisha kwa 28, gawanya kwa nyama: kila kilo imebeba kama kilo 33 za hewa ya ukaa. Mbuzi wa miaka 2 mwenye nyama kilo 12 atabeba kama kilo 23 kwa kila kilo. Basi yule anayesema mbuzi ni mdogo, kwa hiyo hana neno, hakukumbuka kwamba na nyama yake ni ndogo. Mbuzi ana nafuu kidogo, wala si nafuu ya kujivunia.

Mwaka 2018 wataalamu wawili, Joseph Poore na Thomas Nemecek, walichapisha hesabu kutoka mashamba 38,000 hivi ya nchi 119. Walipima gesi zote kwa kila gramu 100 za protini, yaani kama nusu kilo ya nyama. Wastani wa dunia ulikuwa hivi: ng'ombe wa nyama kilo 50, kondoo 20, ng'ombe wa maziwa 17, nguruwe 7.6, kuku 5.7, mayai 4.2. Maharagwe hayafiki kilo 1. Ile 50 ina ndani yake misitu iliyokatwa huko Amerika ya Kusini, kwa hiyo asibebeshwe ng'ombe wa vilimani kwetu, ambaye mkulima anamhitaji kwa samadi. Lakini mpangilio ni ule ule: anayecheua yuko juu, kuku na yai wako chini. Na ng'ombe wa maziwa aliyezeeka ana nafuu kwa sababu gesi yake inagawanywa na maziwa aliyotoa, ingawa jino litalalamika.

Ndagala nao ni wazuri, kwani ziwani hakuna anayecheua, na jua huwakausha bila kuni. Shida ni kwamba ziwa limevuliwa mno. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaane. Kina mama wanaojua soko huweka akiba ya wakavu mapema.

Maharagwe yana hila moja: hula makaa. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, ufunike sufuria. Yataiva upesi zaidi. Ukitia nusu ya nyama uliyozoea ndani ya maharagwe, watoto watakula vile vile.

Limebaki jambo la kazini. Warundi ni miongoni mwa watu wanaokula nyama kidogo kabisa duniani, na gesi inayotoka kwa kila mmoja wetu ni ndogo sana ukilinganisha na ya mtu wa Ulaya au Marekani. Kwa hiyo mwajiri akija kusema kwamba nyama inaondolewa kantini ili kuokoa hewa, wajumbe wasikubali upesi. Akitaka kuondoa ng'ombe, alete kuku, mayai au ndagala pamoja na maharagwe, kwa protini ile ile, na iandikwe katika mapatano ni gramu ngapi kwa kila sahani. Fedha ikibaki, ni ya chakula cha wafanyakazi. Wajumbe waombe kuona hesabu za kantini kabla ya kutia sahihi.