Kutu haingoji siku ya rangi

Jumapili hii tutafakari Mithali 28:13, andiko linaloonyesha tofauti kati ya mtu anayesitiri kosa lake na yule anayelikiri na kuachana nalo.

Ukipita kwenye gereji za Dodoma, bado utakuta Land Rover za zamani. Magari haya yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, lakini chesisi inayoibeba ni ya chuma. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu huku chini limeliwa. Vumbi na tope hujificha ndani ya chesisi kiangazi chote; mvua za Desemba zikianza, unyevu unarudi na kutu inaendelea kula kimya kimya.

Wenye magari wengi husema, "Nikipata pesa nitapiga rangi gari zima." Ni wazo zuri, ila pesa hiyo huchelewa, na kutu haingoji.

Fundi mwaminifu atakushauri uanze sasa. Osha chini, toa tope lote, acha pakauke. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kizima kionekane. Paka dawa ya kutu, kisha praima. Usiishie hapo, maana praima ya kawaida hupitisha unyevu. Ifunike kwa rangi, hata kama haifanani na ya zamani. Gari litakuwa na mabaka na majirani watacheka, lakini chuma kitakuwa kimepona.

Fundi mwingine atapiga puti juu ya kutu na kukurudishia gari linalopendeza. Msimu mmoja wa mvua ukipita, rangi inavimba malengelenge, na ukibonyeza kwa kidole panatoboka.

Mpendwa, ni kutu gani umeipigia puti? Katika Mathayo 23, Yesu aliwaambia viongozi wa dini kwamba wanapendeza kwa nje kama makaburi yaliyopakwa chokaa. Nasi tunaweza kuimba kwaya huku hatusemezani na ndugu zetu kwa sababu ya shamba la urithi. Tunaweza kutoa sadaka nono huku mwenzi wetu hajui deni tulilokopa.

Wengine tunasubiri siku ya rangi kamili: nikistaafu, nikifunga ndoa, mkutano mkubwa wa injili ukija. Waraka kwa Waebrania unasisitiza neno moja: leo. Kufanywa upya kabisa ni kazi ya Kristo. Sehemu yetu ni kumwonyesha palipooza na kukubali kukwanguliwa, hata kama kunauma.

Basi leo, kabla jua halijazama, mpigie simu yule ndugu. Keti na mwenzi wako umwambie ukweli wa lile deni. Utaonekana una mabaka kwa muda, lakini hutatoboka.

Tuombe: Bwana, tuchunguze hadi chini, ututakase. Amina.

Jumapili njema.