Neno "dissent" na namna ya kulipatia mwenzake katika Kiswahili

Katika zoezi la tafsiri, mwanafunzi wetu mmoja alikabidhiwa kurasa za hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, tarehe 14 Februari 2002, katika kesi ya Kongo dhidi ya Ubelgiji. Kesi hiyo ilihusu hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Kongo ilishinda kwa kura 13 dhidi ya 3 juu ya suala la kinga ya waziri. Majaji Oda, Al-Khasawneh na Van den Wyngaert hawakuwafuata wenzao, na kila mmoja aliandika sababu zake. Mwanafunzi alipokuta maneno ya Kifaransa opinion dissidente, aliandika: "rai ya uasi". Darasa lilicheka. Lakini lilipoulizwa liweke nini badala yake, halikujibu upesi, wala mwalimu hakuwa na jibu tayari.

Kosa lenyewe lina sababu. Kwa masikio ya Mkongo, dissident ni mtu aliyetoka kundini, pengine na silaha mkononi. Na mashariki ya nchi yetu, tangu vita vya 1996 na 1998, neno "mwasi" halihitaji kufafanuliwa. Nakala ya Kiingereza ya hukumu hiyo inasema dissenting opinion, na hapo neno ni tulivu zaidi. Asili yake ni Kilatini: dis-, yaani mbali au kando, na sentire, yaani kuhisi au kuona. Mwenye dissent ni mtu anayeona vingine. Nduguze ni assent na consent, yote mawili yakihusu kukubali.

Hata hivyo si kila tofauti ya maoni inaitwa hivyo. Mume na mke wakibishana juu ya bei ya unga wa bukari, Mwingereza hatatumia neno hilo, isipokuwa kwa mzaha. Ni neno rasmi, nalo linadai mambo matatu: kuwepo uamuzi au mafundisho yanayoshikwa na walio wengi au wenye mamlaka, mtu akatae kuungana nayo, tena akatae kwa kulitamka jambo hilo waziwazi. Anayenung'unika moyoni hajafika hapo. Historia ya Uingereza inalishuhudia neno hili: baada ya sheria ya 1662 iliyolazimisha ibada ya aina moja, wachungaji wapatao 2,000 waliacha nafasi zao katika kanisa la taifa, nao na wafuasi wao wakaitwa Dissenters, kwa herufi kubwa. Wabaptisti waliofika mtoni Kongo mwaka 1878 walitoka katika ukoo huo wa kidini, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, ambacho si maskini hata kidogo. "Ubishi" tuuache: mbishi hubisha hata pasipo sababu. "Upinzani" una nguvu, lakini siku hizi umekwisha kuchukuliwa na vyama vya siasa. Tofauti hiyo tunaijua katika historia yetu. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Rais Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52, wakiwa bado ndani ya chama pekee cha MPR. Chama cha UDPS kilizaliwa tarehe 15 Februari 1982. Barua ile ndiyo dissent. Chama ndicho upinzani. Anayeita yote mawili "upinzani" anapoteza miezi kumi na mitano ambayo wabunge wale waliilipia kwa kifungo na kufukuziwa vijijini.

Neno lililotuvutia zaidi ni "hitilafu". Katika Kiarabu, ikhtilafu ya wanazuoni ni jambo la heshima: wakuu wa madhehebu walitofautiana katika hukumu bila kutoana katika dini. Lakini angalia yaliyompata neno huyu alipohamia kwetu. Siku hizi hitilafu huwa katika nyaya za umeme na injini za magari. Na kutoka shina lilo hilo tumepata kitenzi "kuhalifu", kwenda kinyume cha amri, na mtendaji wake ni "mhalifu". Lugha yenyewe, bila kushauriana na jaji yeyote, imekwisha kumtia gerezani mtu anayeona vingine!

Kuna pia "kutokubaliana". Hapa kasoro ni ya kisarufi. Kiambishi -an- cha kutendana huwaweka watu wawili sawa, kila mmoja akimkataa mwenziwe, hali jaji wa wachache hakabiliani hivyo na wenzake: wao wamekwisha kuamua, naye amejitenga na uamuzi wao. Kwa hiyo tunahitaji kitenzi kisicho na kutendana. Tunapendekeza "kutoafiki": jaji asiyeafiki, rai ya kutoafiki. Kinaeleweka, kina adabu, na hakimtoi jaji katika kiti chake.

Jambo hili si la darasani tu. Mapokeo ya mahakama tuliyoyarithi kutoka Ubelgiji hushika siri ya mashauri, na mahakama husema kwa sauti moja. Ndiyo maana neno halikutafutwa kwetu. Lakini Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa sheria ya 2021, na Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Nchini Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, majaji wanne waliafiki na wawili, Ojwang na Ndung'u, hawakuafiki. Ukisema wawili hao "walipinga hukumu", msomaji atadhani walikata rufani.

Inabaki rai ya tatu, ambayo huko The Hague huitwa kwa Kifaransa opinion individuelle: jaji anakubali uamuzi wa wenzake lakini ana maelezo yake. Jaji Bula-Bula, aliyeteuliwa na Kongo katika kesi ile ya 2002, aliandika rai ya namna hiyo. Hiyo tuiite "rai binafsi", wala tusiichanganye na ile ya kutoafiki.