Michoro ya Haraka katika Kubuni Nembo ya Shule

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aweza kuombwa awaongoze watoto kubuni nembo ya shule. Kazi hii huonekana nyepesi. Sisi tuliwahi kuifanya kwa kugawa karatasi moja safi kwa kila mtoto na kuagiza picha nzuri ifikapo mwisho wa kipindi. Tulipokusanya kazi, karibu kila karatasi ilikuwa na kitabu kilichofunuliwa na mwenge juu yake. Watoto waliojiona hawajui kuchora walirudisha karatasi tupu. Kosa halikuwa lao. Tulitaka mavuno bila ya kupanda.

Nembo ni wazo kwanza, picha baadaye. Aliyepewa karatasi moja huogopa kuiharibu, na mwenye hofu hushika lile alilokwisha kuliona kwingine. Dawa yake ni michoro ya haraka, yaani michoro midogo, mingi, isiyofutwa. Thamani yake haimo katika uzuri bali katika wingi, maana penye kimoja hapana kuchagua.

Hata mabingwa huanza hivyo. Mwaka 1976 msanii wa Marekani, Milton Glaser, akiwa ndani ya teksi, alichora kwa kalamu nyekundu ya nta kwenye kipande cha bahasha wazo la nembo ya New York yenye umbo la moyo. Mchoro huo wa ovyo ndio uliozaa nembo iliyojulikana dunia nzima.

Tuchukue sasa mfano wa darasa la tano katika shule ya Unyambwa, mkoani Singida. Kazi yaweza kwenda kwa hatua nne.

Kwanza, kukusanya. Waulize watoto: mgeni akitutembelea, huondoka akikumbuka nini? Watataja alizeti, mtama, kuku, majabali yaliyopandana, nyumba za tembe, Ziwa Singidani na ndege wake. Andika yote ubaoni bila kukosoa hata moja.

Pili, kuchora. Kila mtoto akunje karatasi mara tatu, akiifunua apate vyumba vinane. Kila chumba kipewe dakika moja na nusu. Kazi yote itachukua dakika 12. Raba ziwekwe kando. Karatasi zikipungua, kijiti na mchanga wa uwanjani vyatosha. Vyumba vya mwanzo huenda vikajazwa vitabu na mienge. Usikemee. Yaliyonakiliwa yakiisha, mtoto hana budi kutazama kwao, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tatu, kuchagua na kuunganisha. Bandika michoro ukutani bila majina. Usiulize upi ni mzuri. Uliza upi unasema jambo juu yetu. Mmoja amechora jabali, mwingine ua la alizeti. Vikiunganishwa, ua lachomoza nyuma ya jabali mfano wa jua. Taifa letu nalo lilipita njia hiyo: mwaka 1964 rangi za bendera ya Tanganyika na buluu ya Zanzibar ziliwekwa pamoja, na milia iliyokuwa imelala ikawa ya mshazari. Bendera mpya ikawa ya pande zote mbili.

Nne, kupima. Chora nembo iliyochaguliwa kwa ukubwa wa sarafu, kisha ichore ubaoni na kuitazama kutoka nyuma ya darasa. Isipotambulika, punguza mistari. Halafu ijaribu kwa rangi moja tu, kwa kuwa nembo itashonwa kwenye sweta na kila rangi ya ziada ni gharama kwa mzazi. Peter Scott alipochora panda wa shirika la hifadhi la WWF mwaka 1961, akitumia michoro ya awali ya Gerald Watterson, rangi nyeusi na nyeupe za mnyama huyo zilisaidia kupunguza gharama ya uchapaji.

Mwisho, nembo itakapochorwa kwa usafi, pengine atakayeichora ni yule mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Hata hivyo, wazo laweza kuwa limetoka kwa mtoto ambaye jabali lake lilifanana na viazi. Taja majina ya wote wawili mbele ya shule. Mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba hajui kuchora atajua siku hiyo kwamba anajua kufikiri, na hilo ni somo kubwa kuliko nembo yenyewe.

Kabla ya kuwaongoza watoto, yafaa kila mwanachuo akunje karatasi yake na kujaza vyumba vinane. Atakayeona ugumu wa chumba cha saba hatakuwa mwepesi wa kumkemea mtoto aliyekwama katika cha tatu.