Kamisheni ya kocha mpya wa jimu: inahesabiwaje, na mkataba wake uweje?



Vijana wetu wengi, wa kike na wa kiume, siku hizi wanaingia katika kazi ya ukocha wa mazoezi. Wengine wanaajiriwa katika jimu za mjini, wengine katika hoteli za ukanda wa pwani, na wengine wanatafuta nafasi Dubai au Muscat. Kijana akirudi nyumbani na habari njema, wazee wanauliza la kwanza: mshahara ngapi? Naye hujibu kuwa inategemea kamisheni. Hapo mazungumzo hukwama, kwani mzee hajui aombe dua ya shukrani au aulize zaidi. Sisi tunasema aulize zaidi, na tutaeleza ya kuulizwa.

Kwanza jinsi pesa zinavyokwenda. Mteja wa jimu hulipa ada ya mwezi ili atumie vifaa. Akitaka kocha wake mwenyewe, hulipa zaidi, na kwa kawaida hununua kifurushi cha vipindi, tuseme kumi kwa pamoja. Pesa hizo huingia kwa jimu, si kwa kocha. Kocha hupewa asilimia yake, na karibu mizozo yote ya kazi hii inazaliwa katika swali moja: asilimia hiyo inakuwa haki yake lini?

Tuchukue mfano wa hisabu tu, si bei ya jimu yoyote maalumu. Kipindi kimoja ni shilingi 15,000, na kifurushi cha kumi ni 150,000. Sehemu ya kocha ni asilimia 40, yaani 6,000 kwa kila kipindi. Mwezi wa kwanza kijana anauza vifurushi vinne. Jimu imepokea 600,000, naye moyoni ameshahisabu 240,000 zake. Mwisho wa mwezi anakabidhiwa 54,000. Hakuibiwa. Jimu nyingi hulipa kwa kipindi kilichofundishwa, si kilichouzwa, na hadi tarehe hiyo amefundisha vipindi tisa tu. Vipindi 31 vilivyobaki, vyenye 186,000 zake, vinasubiri wateja waje.

Na wakiwa hawaji? Hapa ndipo tunapotaka wazee watulie. Mteja amelipa, amefika mara mbili, kisha amesafiri au amechoka. Baada ya miezi mitatu kifurushi kinakufa, na pesa zinabaki kwa jimu. Je, kocha ana sehemu katika vipindi vilivyokufa? Mara nyingi mkataba haugusi jambo hili kabisa, na pasipoandikwa kitu, mwenye daftari ndiye mwenye neno. Liandikwe moja kati ya mawili: anapata, au hapati. Kutopata si dhulma ikiwa kijana alijua na akaridhia kabla ya kuanza.

Baadhi ya jimu hutoa pia kamisheni ya kuuza, ndogo zaidi, tuseme asilimia 10, kwa mteja ambaye kocha amemleta mwenyewe. Katika mfano wetu, ikiwa wateja wote wanne ni wake, hiyo ni 60,000 nyingine. Lakini mteja akirudishiwa pesa zake, jimu hukata kamisheni iliyokwisha kulipwa. Aliyebakisha vipindi vinane akarudishiwa 120,000, kocha anakatwa 12,000 mwezi unaofuata. Kijana asiyejua hilo huona mshahara umepungua bila sababu, akaanza kumdhania mwajiri vibaya.

Kisha kuna ngazi. Huambiwa: ukifundisha hadi vipindi 40 kwa mwezi unapata asilimia 30, ukivuka unapata 40. Ni maneno mazuri, lakini yana maana mbili. Kijana amefundisha vipindi 45. Ikiwa asilimia 40 inarudi nyuma hadi kipindi cha kwanza, anapata 270,000. Ikiwa inahusu vile vitano vilivyozidi tu, anapata 210,000. Shilingi 60,000 zimesimama juu ya neno moja ambalo hakuna aliyelifafanua.

Jimu nyingine humpa kocha mpya malipo ya kutangulizwa kila mwezi, halafu kamisheni hufidia. Akitangulizwa 300,000 na kamisheni yake ikafika 200,000, laki moja inahamia mwezi ujao kama deni. Wazee wengi husikia laki tatu wakadhani ndiyo mshahara. Huo ni mkopo, na hukumu yake ni ya mkopo: hauna ubaya maadamu hakuna nyongeza yoyote juu yake. Liulizwe jambo moja tu: akiacha kazi, deni linafutwa au anadaiwa?

Mfumo wa kukodi ni mwepesi kuufahamu, na hatutauzungumza sana. Kocha hulipa jimu kodi ya mwezi, huleta wateja wake, na pesa yote ya mafunzo ni yake. Huyo si mwajiriwa bali ni mpangaji. Kodi ikijulikana na muda ukijulikana, mkataba uko sawa. Ila kodi haisubiri wateja, kwa hiyo tunaona haumfai anayeanza.

Sasa fiqhi. Visiwa vyetu vinafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi, na humo ujira katika ijara ni sharti ujulikane. Jamhuri ya wanazuoni wamo katika msimamo huo. Wanazuoni wa Kihanbali wamepanua zaidi: Ibn Qudama katika al-Mughni amejuzisha mtu kufanya kazi kwa sehemu ya kinachopatikana, kwa kukisia na mudharaba na musaqat. Imam Bukhari naye, katika mlango wa ujira wa udalali, amewataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan kuwa hawakuona ubaya kwa ujira wa dalali. Na msingi wa ju'ala, yaani zawadi iliyowekwa kwa atakayekamilisha jambo, wanazuoni wanautoa katika Surat Yusuf, aya ya 72, ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo la mfalme.

Tukiyaweka haya juu ya jimu, tofauti inaonekana wazi. Asilimia 40 ya bei iliyobandikwa ukutani ni kiwango kinachojulikana: kila kipindi 6,000, hata mtoto wa skuli ataihisabu. Lakini kuna wanaoandika kuwa kocha atapata asilimia fulani ya faida baada ya matumizi. Faida ipi, matumizi yapi, na nani atayahisabu? Huyo kijana si mshirika wa jimu, hana mtaji humo, wala haoni daftari. Huo ni ujira usiojulikana, na gharar yake ni kubwa. Tunawashauri vijana wasitie saini kwa sura hiyo. Ama mshahara maalumu ukiunganishwa na asilimia ya bei inayojulikana, wanazuoni wengi wa zama hizi hawaoni tatizo, na kwa anayeanza ndiyo sura tunayoipendelea.

Kuna suala la kufukuzwa pia. Kocha ameuza vifurushi na amevianza, kisha mwenye jimu anamwondoa. Katika ju'ala kwa Mashafi, mwenye kazi akivunja baada ya mfanyaji kuanza, anawajibika kumlipa ujira wa mfano kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Akijitoa mfanyaji mwenyewe kabla ya kukamilisha, hana kitu. Kwa hiyo malipo yakiwa kwa kila kipindi kilichokamilika, mgogoro unapungua, kwani kila kipindi ni kazi iliyokwisha na haki iliyothibiti.

Wazee wasisahau saa za kukaa. Wateja huja kabla ya kazi na baada ya kazi. Kijana yupo jimu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Hizo ni saa tisa kwa siku, na kwa siku 26 ni saa 234. Kama amepata zile 210,000, ni chini ya shilingi 900 kwa saa. Muda asio na mteja huwa anapanga vyuma, anafuta mashine, anaelekeza wanachama wapya. Hiyo ni kazi, na kazi inastahiki ujira wake. Kamisheni tupu isiyo na mshahara wowote, pamoja na wajibu wa kuwepo saa zote hizo, ni mzigo tusiomtakia kijana yeyote. Huku kwetu tena kuna Ramadhani, ambapo mchana jimu huwa tupu na wateja wachache huja baada ya tarawehe, na kuna masika, ambapo hoteli hubaki na wageni wa kuhesabika. Kipato hushuka wakati nyumba inasubiri nguo za Idi.

Kwa wanaokwenda Dubai, sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Amri ya Shirikisho namba 33 ya mwaka 2021, ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2022. Kiinua mgongo chake huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Kamisheni haimo. Vijana wawili wanapata dirham 4,000 kila mmoja: wa kwanza msingi wake 3,000 na kamisheni 1,000, wa pili kinyume chake. Baada ya mwaka mmoja, wa kwanza anastahiki dirham 2,100 na wa pili 700. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita. Na sheria hiyo hiyo inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kumwajiri, basi anayewaomba "pesa ya nafasi" aulizwe anaitoza kwa haki gani.

Limebaki linalomhusu kocha na mteja. Anayelipwa kwa kuuza hushawishika kuuza. Mwenye presha au sukari asiambiwe kuwa vipindi thelathini vitamponya, wala unga wa protini usisifiwe kwa sababu tu una asilimia ndani yake. Mteja akiuliza kama kocha anapata kitu kwa kumuuzia, aambiwe kweli. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghishi, na kamisheni inayotokana na ghishi haina tofauti na pesa nyingine ya ghishi.

Mkataba uwe wa maandishi, nakala moja ibaki nyumbani, na kijana awe na daftari lake: tarehe, jina la mteja, kipindi cha ngapi, saini ya mteja. Mwisho wa mwezi alilinganishe na la jimu kabla ya kupokea pesa, si baada.

Wallahu a'lam.