Etiketi ya divai: picha inasema nini?

Kwenye etiketi ya divai, maneno mengine yanadaiwa na sheria, kama kiasi cha alkoholi. Picha haidaiwi na yeyote. Mbona basi inawekwa?

Tuangalie Château Mouton Rothschild, shamba la mizabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1924 mchoraji wa mabango Jean Carlu alilichorea etiketi. Tangu ile ya 1945, yenye herufi V ya ushindi wa vita, karibu kila mavuno yana msanii wake, naye hulipwa kwa divai, si kwa fedha. Ya 1973 ina kazi ya Picasso.

Picha hizo hazielezi ladha hata kidogo, wala hazitaji mwaka; tarakimu zipo. Ninavyoona, zinayapa mavuno sura yake. Ushahidi ni chupa za 1993. Mchoro wa Balthus, wa msichana aliye uchi, ulipingwa Marekani, na chupa za huko zikauzwa na nafasi tupu mahali pake. Divai ni ileile, lakini wakusanyaji wanatafuta zote mbili. Nafasi tupu nayo imekuwa alama, kwa sababu inasomwa kando ya ile iliyojaa. Wanaisimu tunaiita mofimu kapa. Neno chupa lenyewe linayo: chupa ile, chupa zile.